Kuhamia modeli za pande tatu: leseni ndiyo gharama ndogo

Ofisi ya ujenzi ikitaka kuhamia modeli za pande tatu, huanza kwa kuulizia bei ya leseni. Mimi huiweka mwisho wa hesabu, kwa sababu inajulikana mapema. Tangu 2016 kampuni ya Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zake nyingi, ikiwamo Revit, programu ya kuunda modeli hizi za majengo. Sasa unalipia kwa kipindi, basi iandike pamoja na pango na umeme.

Kompyuta nayo inakadirika. Revit ni ya Windows tu, na kanuni ya kukisia RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni ukubwa wa faili mara 20. Faili la MB 500 litataka takriban GB 10. Ukiunganisha na faili la mhandisi wa miundo na la mhandisi wa mitambo, kila moja la ukubwa huohuo, umefika GB 30, na Windows yenyewe bado haijachukua chake. Nunua GB 64. Kwenye prosesa, tafuta kasi ya kiini kimoja (core) kuliko wingi wa viini, maana kazi nyingi za kuchora hupita kwenye kiini kimoja.

Pesa inavujia kwenye saa za watu. Kabla ya mradi wa kwanza, mtu mzoefu lazima akae atengeneze kiolezo cha ofisi: unene wa mistari, tabaka za kuta, majedwali ya milango na madirisha. Ofisi nyingi huruka hatua hii na kupakua modeli za milango na vifaa vingine kutoka kwa watengenezaji wake. Unaletewa mlango wenye kila skrubu ya kitasa, unauweka mara 300, kisha unashangaa faili halifunguki. Kwa mchoro wa 1:100 mlango unahitaji fremu, bawa, upande wa kufungukia na namba yake. Basi.

Kubalianeni pia toleo la programu: faili la Revit likishahifadhiwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani haliwezi kulifungua.

Ila kinachoziumiza ofisi zaidi, kwa maoni yangu, ni ratiba ya malipo. Kwenye modeli, ukuta unadai unene na malighafi tangu usanifu wa awali, kwa hiyo kazi iliyokuwa ya michoro ya ujenzi inasogea mbele. Mkataba ukiendelea kulipa fungu kubwa mwishoni, utalipa mishahara ya miezi kadhaa kutoka mfukoni. Omba mafungu yasogezwe kabla hujasaini.

Faida? Chukua nafasi ya mm 1000 kati ya zege la juu na dari. Boriti inashuka mm 600, zinabaki 400. Bomba la hewa ni mm 350, na kihami cha mm 25 juu na chini kinalifikisha 400 kamili. Fremu ya dari na bomba la kuzimia moto vikae wapi? Kila mchoro ukiusoma peke yake uko sawa. Modeli zikiunganishwa, tatizo linaonekana kabla zege halijamwagwa.

Lakini ripoti ya kwanza ya migongano, yaani vitu viwili vinavyogombea nafasi moja, inaweza kuleta maelfu, mingi ikiwa kitu kimoja kilichohesabiwa mara nyingi. Ondoa iliyo chini ya mm 10, iliyobaki ipange kwa maeneo, na kila mgongano uwe na mtu wa kuurekebisha na tarehe. Kikao cha kila wiki cha kuipitia kipangie bei kwenye ada yako; wengi hukisahau.