Kujua kifaranga cha chewa kimetoka mazalia gani

Ukivua kifaranga cha chewa wa Atlantiki (Gadus morhua, si chewa wa miambani wa kwetu) kwenye fiyodi (mkono mwembamba wa bahari kati ya milima) ya kaskazini mwa Norwei, sura yake haikwambii alikotagwa. Huenda ni wa humo humo, wa chewa wa pwani. Huenda pia ni wa Bahari ya Barents, ambao wazazi wao hushuka hadi visiwa vya Lofoten, Norwei, kutaga mwezi Machi na Aprili. Mayai huelea, huanguliwa baada ya wiki mbili tatu, kisha mkondo huwachukua watoto kuelekea kaskazini-mashariki. Baadhi huingia fiyodi njiani.

Mimi huanza na jeni. Kata kipande cha pezi kama punje ya mchele, kitie kwenye ethanoli ya 96%. Usijaze nyama kwenye kichupa, maana maji yake huizimua ethanoli na DNA inaharibika. Alama maarufu (sehemu ya DNA inayotofautisha makundi) ni Pan I: aleli, yaani toleo la jeni, A imetawala kwa chewa wa pwani, B kwa wa Barents. Iko ndani ya kipande cha kromosomu kilichopinduka, mpangilio wake ukawa kinyume, ndiyo maana tofauti hiyo haivurugiki kirahisi. Hata hivyo, samaki mmoja usimhukumu kwa alama hiyo peke yake, kwani wenye AB (moja ya kila aina) wapo pande zote mbili. Ongeza alama za kromosomu nyingine.

Sampuli za kulinganishia zitoke kwa wakubwa waliokamatwa wakitaga, ukiwaminya tumbo mayai au shahawa zinatoka. Za malishoni hazifai, huko makundi yamechanganyika, na kosa hili huharibu kazi nyingi kuliko hitilafu za maabara.

Jiwe la sikio (otolithi), kijiwe cha kichwani kinachokua tabaka juu ya tabaka kuanzia kiini, hujibu swali tofauti: samaki amepita maji gani. Litoe kwa kibano cha plastiki, lioshe, likauke, ligandishe ndani ya gundi ngumu ya epoksi, ulikate, kisha ulisugue kwa karatasi ya msasa ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), halafu 9, halafu 3. Angalia kwenye hadubini kila baada ya misuguo michache. Ukishakipita kiini, jiwe hilo limekwisha.

Siku ya kuanguliwa jiwe lina kipenyo cha takriban mikroni 20 tu. Elementi za jiwe hupimwa kwa leza inayochoma doa dogo, na doa la mikroni 40 tayari limebeba na siku za safari. Ukipunguza doa sana, vipimo vinakuwa hafifu. Manganizi ikipanda kwenye kiini usiirukie, hiyo hupanda hata mazalia yakiwa tofauti. Stronti na bari zinasaidia zaidi, hasa kwenye fiyodi zenye maji ya mito; bahari ya wazi maji yake hufanana mno. Linganisha vifaranga vilivyozaliwa mwaka uleule tu.

Jeni zikisema Barents na ukingo wa jiwe (tabaka za mwisho) ukisema fiyodi, hakuna mgongano: aliletwa na mkondo akakulia hapo. Cha kuogopa ni programu ya kompyuta ya kupanga asili kutokana na jeni. Humpachika kila samaki kwenye mojawapo ya makundi uliyoiwekea, hata kama kwao hukuwahi kuchukua sampuli. Weka kiwango cha chini cha uhakika, tuseme 0.8, na wasiokifikia waandikwe “asili haijulikani”.