Mashindano ya Wanafunzi wa Uhandisi na Safari ya Kuelekea Usajili

Kila unapokaribia msimu wa Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana kwa kifupi kama MAKISATU, maswali ya wanafunzi wa uhandisi na wazazi wao huongezeka. Baadhi huuliza iwapo ushindi unampunguzia mhitimu muda wa mafunzo kabla ya kusajiliwa, na wengine hulalamika kwamba kijana wao alikabidhiwa tuzo mbele ya viongozi na bado hajapata kazi. Tangu yaanzishwe mwaka 2019, mashindano hayo yamewapokea washiriki wa ngazi mbalimbali, kuanzia shule za msingi na vyuo vya ufundi hadi vyuo vikuu na wabunifu wa sekta isiyo rasmi, hivyo matarajio ya wananchi hayawezi kufanana. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, hata hivyo, yapo mambo ambayo yanapaswa kueleweka bila utata.

La kwanza ni la kisheria. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, iliyotungwa mwaka 1997, inaweka utaratibu ambao mtu hufuata kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi nchini Tanzania. Mwenye shahada inayokubalika na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huomba kwanza kusajiliwa katika daraja la mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya usimamizi wa wahandisi waliosajiliwa, mafunzo ambayo katika SEAP, mpango wa Bodi wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu ulioanza mwaka 2003, huchukua miaka mitatu. Na baada ya hapo hufanyiwa tathmini ili apandishwe kuwa mhandisi mtaalamu. Hakuna kombe linaloruka hatua hata moja kati ya hizo. Aidha, kujitambulisha kama mhandisi au kufanya kazi za kihandisi bila kusajiliwa ni kosa, na kosa hilo halipungui kwa sababu mhusika ameshinda medali. Jambo hili limeelezwa mara nyingi, lakini bado tunaona kadi na mabango yenye cheo cha mhandisi mbele ya jina la mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Baada ya kusema hayo, ni haki pia kukiri kwamba mashindano yaliyopangwa vizuri humkaribisha mwanafunzi kwenye kazi halisi kuliko mtihani wowote wa darasani. Mfano mzuri ni Formula SAE, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1981 na kuingia Uingereza mwaka 1998 kwa jina la Formula Student, ambapo wanafunzi husanifu, huunda na kuendesha gari dogo la mbio. Kati ya alama 1,000 zinazogombewa, alama 325 hutolewa gari likiwa limesimama: 150 za utetezi wa usanifu, 100 za uchambuzi wa gharama na 75 za kuwasilisha mpango wa biashara. Timu yenye gari la kasi ambayo haiwezi kueleza kwa nini ilichagua unene fulani wa bomba la fremu huachwa nyuma na timu iliyoandika hesabu zake. Mwajiri naye hupima hivyo hivyo.

Hapa ndipo washiriki wetu wengi wanapopoteza faida waliyoitolea jasho. Mhitimu huleta cheti cha ushindi kilicholaminishwa na picha akiwa na mgeni rasmi, lakini anapoulizwa yeye binafsi alifanya nini, jibu huwa "tulitengeneza pampu". Timu ina watu kumi. Nani alikokotoa kiasi cha maji, nani alichagua mota, nani aligundua kwamba sili inavuja, na vipimo vya kabla na baada ya marekebisho viko wapi? Mwanafunzi anapaswa kuwa na kitabu cha kumbukumbu za kazi tangu siku ya kwanza, chenye tarehe, michoro, hesabu, matokeo ya majaribio yakiwemo yaliyoshindikana, na saini ya mhadhiri anayesimamia timu. Kumbukumbu hizo hazihesabiwi kuwa sehemu ya miaka mitatu iliyotajwa, na tunaomba hilo lisiulizwe tena. Faida yake ni nyingine: kikwazo kikubwa cha wahitimu ni kupata kampuni ya kuwapokea kwa mafunzo, na msimamizi mwenye nafasi moja humchukua yule anayeweza kumfungulia daftari na kumwonyesha alivyofikiri. Pia daftari hilo humzoesha mhitimu kuandika taarifa za kazi, ambazo atadaiwa katika kipindi chote cha mafunzo.

Wapo wanaodhani kwamba baada ya ushindi hatua inayofuata lazima iwe kusajili kampuni. Wanafunzi wa Eindhoven, Uholanzi, walishinda mwaka 2013 na 2015 daraja la magari ya familia katika mbio za magari ya nishati ya jua nchini Australia, na mwaka 2016 baadhi yao wakaanzisha kampuni ya Lightyear. Gari lao lilifika hatua ya kuzalishwa, lakini Januari 2023 kampuni tanzu iliyokuwa ikilizalisha ilifilisika. Ujuzi wao haukufilisika, ila soko la magari halitoi alama za utetezi wa usanifu.

Kwa wale ambao kifaa chao kina jambo jipya kweli, tahadhari ya mwisho inahusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ambayo kwa Tanzania Bara huombwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Uvumbuzi unaoombewa hataza unatakiwa kuwa mpya, na kuuonyesha hadharani, kuueleza kwa waandishi wa habari au kurusha video yake mtandaoni kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kuharibu sifa hiyo. Maombi yawasilishwe kabla ya maonyesho. Kabla ya hapo, timu isome sera ya miliki bunifu ya chuo chake, kwa kuwa kifaa kilichoundwa kwa fedha na karakana ya chuo kinaweza kuwa na mmiliki zaidi ya mmoja, na makubaliano ya wanatimu kuhusu mchango wa kila mmoja yaandikwe na kusainiwa wakati wote bado wapo chuoni.