Bega lililoganda: la kufanya wakati unasubiri tarehe ya hospitali

Wengi wanaofika kwangu na bega lililoganda wameshazunguka sana. Wamechuliwa kwa mafuta ya karafuu, wamemeza diklofenaki za duka la dawa, wameambiwa ni baridi yabisi, wengine wametishwa kuwa ni mwanzo wa kiharusi. Wapo walioambiwa kuna jirani amewafanyia jambo. Wakifika hatimaye wana barua ya rufaa mkononi, na tarehe ya kumwona daktari wa mifupa iko miezi kadhaa mbele. Wanachouliza ni kilekile: nifanye nini mpaka siku hiyo?

Kabla sijajibu, nami huuliza langu: unalalaje? Sianzi na mkono unapanda mpaka wapi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa ugonjwa huu usiku wa mgonjwa hunieleza zaidi kuliko kipimo changu cha pembe. Mtu anayeamshwa na maumivu saa nane za usiku na mtu anayelala fofofo ila hawezi kufikisha mkono kisogoni wana ugonjwa mmoja, lakini wapo katika nyakati mbili tofauti, na kinachomfaa huyu kinaweza kumuumiza yule.

Kwanza tuone kinachotokea ndani. Kiungo cha bega kimefungwa ndani ya mfuko mwembamba ulio mlegevu, na ulegevu huo ndio unaokuwezesha kuanika nguo, kusuka nywele na kujisugua mgongo. Bega likiganda, mfuko huo huwaka kwa ndani, kisha hunenepa na kunywea kama kanzu ya pamba iliyofuliwa kwa maji ya moto. Mfuko usio na ugonjwa huchukua zaidi ya mililita 15 za maji. Ulionywea, hata 10 huwa tabu. Sehemu ya mbele ya mfuko hukaza kuliko nyingine, ndiyo maana mwendo wa kwanza kupotea ni ule wa kuzungushia mkono nje.

Mwendo huo unaweza kuupima nyumbani. Simama, bana viwiko vyote viwili mbavuni, vikunje kama mtu aliyebeba sinia, halafu peleka viganja nje kulia na kushoto bila kuachia viwiko. Kama mkono mmoja unagoma mapema, mwombe mtu akusaidie kuusukuma taratibu. Ukiendelea kugoma hata kwa mkono wa mwenzako, na hasa kama picha ya eksirei imetoka safi, uwezekano wa bega kuganda ni mkubwa. Ukienda vizuri unaposukumwa ila wewe mwenyewe huna nguvu ya kuupeleka, huenda ni kano iliyochanika, na hiyo ina njia yake. Watu husikitika wakiambiwa picha haina kitu, wakidhani wamepoteza hela. Hawajapoteza. Picha safi imetuondolea shaka ya kusagika kwa kiungo, ya bega lililochomoka na ya tatizo ndani ya mfupa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60 na kidogo, wanawake kuliko wanaume. Katika watu 100 wa kawaida huwapata wawili hadi watano hivi. Kwa wenye kisukari ni zaidi ya mmoja katika kila kumi, na kwao hukaza zaidi na kuchelewa kuachia. Kwa hiyo nina msimamo ambao siulegezi: yeyote mwenye bega lililoganda bila kuumia apimwe sukari, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari, hata kama ni mwembamba. Kipimo hicho hakihitaji kusubiri rufaa, kinafanyika zahanati ya karibu. Na kama una uvimbe shingoni au historia ya ugonjwa wa tezi ya thairoidi, mwambie daktari, kwani nao huandamana na bega hili.

Sasa turudi kwenye kusubiri.

Kama maumivu bado yanakuamsha, upo katika kipindi cha kwanza, ambacho huchukua kati ya miezi miwili na tisa kwa wengi. Mfuko unawaka. Lengo hapa ni kuutuliza ili ulale. Ukilala chali, weka mto au kanga mbili zilizokunjwa chini ya mkono, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, ili mkono usidondoke nyuma ya usawa wa kifua. Kudondoka huko ndiko kunakowaamsha wengi bila wao kujua sababu. Ukilalia upande mzima, kumbatia mto mbele yako. Kama daktari amekuruhusu parasetamoli, dozi moja iangukie muda mfupi kabla ya kulala, kuliko kuzimaliza zote mchana. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa huwafaa baadhi ya watu. Mwenye kisukari aipime kwanza joto lake kwa mkono mzima, maana ngozi yake inaweza kuungua asisikie.

Diklofenaki na ndugu zake zinatuliza, sikatai. Lakini mtu wa miaka 58 mwenye presha na sukari anayezinunua mwenyewe wiki baada ya wiki anaziweka figo na tumbo lake hatarini. Na ukipewa dukani vidonge visivyo na jina ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, ukaona maumivu yameyeyuka kwa siku mbili, uliza kama ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Zinapandisha sukari na presha, na hazipaswi kunywewa kwa kubahatisha.

Zoezi la kipindi hiki ni moja tu. Shika meza kwa mkono mzima, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie, kisha yumbisha kiwiliwili ili mkono ufuate wenyewe kwa miduara midogo. Usiuinue, usiukaze, uache uzito wake ufanye kazi. Dakika moja au mbili, mara chache kwa siku. Zoezi hili linahusishwa na Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, ambaye mwaka 1934 ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina unaojulikana nalo hadi leo, na aliandika wazi kuwa ni mgumu kuuelezea na mgumu kuutibu.

Kanuni ninayompa kila mgonjwa ni hii: maumivu ya zoezi yakiisha ndani ya nusu saa, endelea. Usiku ukiharibika kuliko jana, umezidisha, punguza kesho.

Hapa ndipo ninapogombana na kuchua kwa nguvu. Mtu mwenye bega linalowaka anapokandwa na kuvutwa mkono hadi alie machozi, mfuko uliokasirika unazidi kukasirika. Na kosa hili si la waganga wa kienyeji peke yao, hata sisi wenye vyeti tumewahi kufundishwa kuamini kuwa bega lisilovutwa halitafunguka. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi, Diercks na Stevens, walichapisha matokeo ya wagonjwa 77. Kundi moja lilifanyiwa mazoezi makali ya kuvutwa kupita mpaka wa maumivu. Kundi jingine lilielezwa ugonjwa wao, likafanya mazoezi laini yasiyovuka maumivu na kazi za kila siku kadiri walivyoweza. Baada ya miezi 24, asilimia 89 ya waliokwenda taratibu walikuwa na bega lililokaribia kuwa la kawaida, dhidi ya asilimia 63 ya waliovutwa. Huwa nawasomea wagonjwa takwimu hizi, hasa wanaoletwa na watoto wao wakiwa wameshalipia vikao vya kuchuliwa.

Kinyume chake nacho si kizuri. Kuufunga mkono kwa kanga shingoni kutwa nzima kunaharakisha kukaza. Mkono ufanye kazi ukiwa chini ya usawa wa kifua: kukatakata mboga, kufua kitambaa chepesi, kuandika. Unapovaa, anza na mkono mgonjwa. Unapovua, uwe wa mwisho. Sidiria ifungwe mbele kisha izungushwe. Kwenye daladala usining'inie kwa mkono huo, kwani dereva akikanyaga breki ghafla utaumia kwa wiki nzima. Wazee wetu wanaoswali huniuliza sana kuhusu takbira na sijida. Inua mkono hadi pale unapofika bila kulazimisha, na kama kuweka uzito mkononi kunauma, swali umekaa. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo.

Kuna jambo moja la kuuliza mapema, bila kungoja tarehe ya rufaa: sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Inasaidia zaidi katika kipindi hiki cha maumivu kuliko baadaye mfuko ukishakuwa mgumu, na mara nyingi haihitaji chumba cha upasuaji. Ukimsubiri bingwa miezi sita, nafasi yake nzuri inaweza kupita. Rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa umuulize kama inaweza kutolewa karibu zaidi na kama inakufaa. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari hupanda kwa siku kadhaa baada yake, kwa hiyo apange mapema na daktari wake namna ya kuipima.

Siku moja utagundua umelala hadi alfajiri, ingawa mkono bado hauendi. Watu wengi huogopa hapa, wakidhani bega limekufa. Kumbe kuwaka kumepungua, na sasa mfuko unaweza kuvutwa, taratibu lakini kwa bidii. Kaa mezani, weka viganja juu ya kitambaa, vitelezeshe mbele huku kifua kikifuata. Lala chali, kunja viwiko, shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, na kwa mkono mzima usukume ule mgonjwa uende nje. Baki pale unapohisi kukaza, pumua, rudi. Panda ukuta kwa vidole. Zoezi la kanga mgongoni, mkono mzima ukivuta juu na mgonjwa ukifuata kutoka chini, liwe la mwisho kabisa kuongezwa, kwa sababu mwendo huo huchelewa kurudi na ndio unaowakatisha watu tamaa.

Kwa wanaosubiri upasuaji, msiione foleni kama miezi iliyoibwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503 kutoka hospitali 35, ulilinganisha njia tatu: kunyoosha bega chini ya nusukaputi, kulegeza mfuko kwa upasuaji wa tundu dogo unaotumia kamera, na fiziotherapia yenye mpangilio pamoja na sindano. Baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Upasuaji una watu wake, na baadhi yao nimewaandikia rufaa mwenyewe, hasa wenye kisukari ambao mwaka umepita na bega halijaachia hata kidogo. Lakini wengine hufika siku ya upasuaji wakiwa hawauhitaji tena.

Ugonjwa wote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hurudia kazi zao, ingawa baadhi hubaki na ukakamavu kidogo wa kudumu. Bega lilelile ni nadra kuganda tena. La upande wa pili linaweza kufuata, na likianza kuuma usiku usingoje tena miezi sita.

Yapo ya kutosubiri kabisa. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja na kifua kubana na jasho jembamba, uso kupinda au mkono kuishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa pamoja na bega lililovimba na kuwa la moto, au bega lililogoma baada ya kuanguka au kupatwa na degedege, lionwe siku hiyohiyo. Kupungua uzito bila sababu, au ganzi inayoshuka hadi vidoleni, ni sababu ya kuomba tarehe isogezwe mbele.

Siku ya miadi njoo na dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake, na daftari la sukari kama unalo. Andika mwezi maumivu yalipoanza na lini usingizi ulianza kurudi, maana mbele ya daktari watu husahau. Vaa nguo inayofunguka mbele, kwa sababu tutataka kuyaona mabega yote mawili.