Kwenye tamasha la klasiki anayeongea sio mgeni rasmi

Juzi tumemaliza mazoezi ya kwaya hapa Shangani, Mtwara, umeme umekatika na jasho linatiririka, kijana mmoja wa sauti ya tena (tenor) akachungulia simu yangu akaona listi ya tamasha moja la Uingereza, juu majina ya wapigaji, chini wazungumzaji. "Ticha, hawa wa chini ndo wageni rasmi?"

Nilicheka ila sikumlaumu, sisi tukisikia mtu anaongea kwenye tamasha tunajua ni risala na hotuba, mnakaa mnasubiri amalize muziki uendelee. Kule mzungumzaji yupo kazini kama mpiga fidla tu. Mara nyingi anaongea kabla ya konsati, anayetaka anaenda kumsikiliza, anaelezea kazi itakayopigwa ilitokeaje na sikio lako likae wapi.

Tamasha lenyewe ni Three Choirs, la makanisa makuu ya Gloucester, Hereford na Worcester, lipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1700, kila mwaka mji mmoja unawapokea wenzake, yaani chukulia Mtwara, Lindi na Masasi tupokezane. Waimbaji wengi wa kwaya kubwa ya tamasha ni wa kujitolea kama wanakwaya wangu, wa kulipwa ni orkestra na waimba solo. Halafu hayo majina makubwa ya solo yasiwababaishe, mtu anafika anafanya mazoezi mara moja au mbili na orkestra anapanda jukwaani, mimi listi ikitoka naangalia kwanza kondakta ni nani. Halafu nani anaongea.

Mfano wa stori za wazungumzaji hao ni ya mwaka 1898. Mtunzi Mwingereza Edward Elgar aliombwa atunge kazi mpya ya tamasha hilo, akawa amebanwa, akawaambia mpeni Samuel Coleridge-Taylor. Kijana wa miaka 23, mzaliwa wa London, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Ikapigwa Gloucester mwezi wa 9, Ballade in A minor, kazi ya orkestra tupu. Novemba mwaka huohuo ikatoka kantata yake, yaani kazi ya kwaya na orkestra, Hiawatha's Wedding Feast, kwaya zikaigombania Uingereza nzima, ila haki zake alishamuuzia mchapishaji moja kwa moja kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, basi. Nakala zikauzwa na kuuzwa yeye hapati kitu, akafa 1912 ana miaka 37. Sasa hayo utayasikia wapi kwenye fidla? Fidla haisemi gini 15.

Nikaona nijaribu hukuhuku kwetu. Jumamosi iliyofuata kabla ya mazoezi nikawapa hiyo stori dakika tano, nikawawekea Ballade kwenye kispika cha kuchaji, kama dakika 12 hivi. Ilivyoanza kwa kasi sauti ya kwanza wakaacha kujipepea na makaratasi ya nota, nikajua wameingia. Ilipoisha nikasubiri maswali ya muziki, hata solfa, zile do re mi, nilikuwa nishaandika ubaoni.

Mzee mmoja wa besi, mkulima wa korosho, ndo akavunja ukimya. "Hizo hela hawakumwongezea?"

"Fungu la mauzo hakupewa, mzee."

Akatikisa kichwa. "Huyo kijana kapigwa kangomba."

Wote wakaguna, kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa bei ya kutupa, wanaujua, na solfa yangu ubaoni hakuna aliyeiangalia.