Je, wajua kwa nini juisi ya choya hugeuka buluu ikikutana na sabuni?

Futari ilikuwa imekwisha, na jagi la juisi ya choya lilibaki na kiasi cha vidole viwili chini. Mtoto wa kaka yangu akalipeleka uani kuliosha. Akatia maji, akasugua kwa sabuni ya mche, mara nikamsikia: "Shangazi, njoo uone, juisi imekuwa wino!" Nikatoka. Kweli, povu lilikuwa na rangi ya buluu iliyoelekea kijani, na pale kwenye mdomo wa jagi ambako sabuni haijafika, wekundu ulikuwa ule ule. Akaniuliza kama nilitia dawa.

Sikutia kitu zaidi ya sukari, iliki na tangawizi. Lakini nililipenda swali lake, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama choya yako itatoka nyekundu ya kung'aa au itafifia kama maji ya kusuuzia sufuria. Wekundu wa choya na uchachu wake ni ndugu wa tumbo moja. Ukiuondoa uchachu, wekundu nao unaondoka.

Tuanze na ua lenyewe. Choya, ambayo wengine huiita rozela, ni mmea uliopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753 jina la kisayansi Hibiscus sabdariffa. Ni jamaa wa bamia, na ukiliweka ua la bamia kando ya ua la choya utauona udugu: petali za manjano hafifu, na jicho jekundu la kuiva katikati. Pamba na mbuyu nao wamo katika ukoo huo huo. Sasa, yale "maua makavu" tunayopimiwa kwa kopo sokoni Mgandini hapa Tanga, kando ya ukwaju na ubuyu, hasa si petali za ua. Petali za choya huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kinachobaki ni sepali, yaani vile vijani vilivyolishika ua kwa chini. Petali zikishaanguka, sepali hunenepa, hujaa maji na kuiva nyekundu, zikilikumbatia tunda la mbegu. Huchumwa zingali laini, tunda linasukumwa nje, kisha huanikwa. Kilo kumi za choya mbichi hutoa takriban kilo moja tu kavu, ndiyo maana mkono mmoja wa choya kavu unaweza kupaka rangi ndoo nzima. Wala usiichanganye na yale maua mekundu makubwa ya kwenye uzio. Hayo ni binamu tu, na wekundu wao uko kwenye petali.

Ndani ya sepali hizo mna rangi inayoitwa anthosianini. Jina hilo lilitungwa mwaka 1835 kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya ua na jingine buluu. Choya ina mbili zilizo nyingi zaidi: moja imejengwa juu ya delfinidini na nyingine juu ya sianidini, na kila moja imebeba sukari mgongoni, ndiyo maana zinayeyuka kwenye maji kwa urahisi. Hazihitaji mafuta wala kukaangwa. Tia choya kavu kwenye glasi ya maji baridi uangalie kwa dakika tano: utaona nyuzi nyekundu zikishuka polepole kama moshi unaokwenda chini.

Rangi hii haina umbo moja. Hubadilika kufuatana na uchachu wa maji iliyomo. Kwenye asidi kali, ambayo kipimo chake cha pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) ni karibu 3 au chini yake, molekuli yake hukaa katika umbo ambalo macho yetu huliona jekundu. Choya huja na asidi zake yenyewe, ikiwemo ya aina ile ile iliyomo kwenye ndimu, na juisi yake nzito huwa na pH kati ya 2.5 na 3. Kwa hiyo mmea umejipikia mazingira ya kulinda rangi yake. Asidi ikipungua hadi pH 4 au 5, maji hujishika kwenye molekuli na rangi hufifia, wakati mwingine karibu kutoweka. Ikipungua zaidi, molekuli hupoteza haidrojeni, na rangi huwa zambarau, kisha buluu. Sabuni ya mche ni besi, yaani kinyume cha asidi, pH yake hufika 9 au 10, na hapo sehemu ya molekuli huanza kupasuka na kuwa ya manjano. Buluu na manjano zikikutana, unapata kijani. Hilo ndilo povu alilolishangaa mtoto.

Mwaka 1664 Robert Boyle wa Uingereza alikwisha kuandika jinsi sharubati ya maua ya zambarau inavyokuwa nyekundu kwa asidi na kijani kwa besi. Baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mkemia Mjerumani Richard Willstätter alionyesha kwamba rangi iliyo ndani ya waridi jekundu na ndani ya ua la buluu la mashambani kwao ni moja. Mwaka 1915 akapata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya rangi za mimea.

Na sisi tunayaona haya kila siku bila kuyapa jina. Kata kitunguu chekundu cha kachumbari, kamulia ndimu, subiri kidogo: zambarau yake iliyofifia inageuka pinki ya kung'aa. Ni anthosianini ile ile. Ulimi wa mtoto aliyekula zambarau, ni ukoo huo huo. Manjano yana rangi tofauti, kurkumini, lakini tabia yake inafanana: doa la mchuzi kwenye shati jeupe huwa la njano mpaka lipakwe sabuni, hapo hugeuka wekundu wa kutu na mfuaji akashtuka. Bitiruti, kwa upande wake, si wa ukoo huu ingawa ni nyekundu. Rangi yake ni betalaini, sawa na ya bogenvilia zinazomwagika juu ya kuta za Raskazone, na mmea wenye betalaini hauna anthosianini. Ndiyo maana maji ya bitiruti hayakufanyii kioja hiki cha buluu ukiyatilia sabuni.

Kuna faida nyingine ya kuyajua haya. Ukishuku kwamba juisi uliyouziwa ni rangi ya unga na sukari tu, weka matone machache kwenye kisahani, tia povu la sabuni. Choya ya kweli itageuka. Rangi nyekundu za dukani kwa kawaida hubaki vile vile, kwa kuwa zimetengenezwa zisiyumbe.

Sasa jikoni. Kosa la kwanza ni maji. Mji wetu wa Tanga umekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa ile ile ambayo maji yameichimba hadi yakatengeneza mapango ya Amboni. Maji ya visima vingi hubeba chokaa hiyo iliyoyeyuka, na chokaa hula asidi. Niliwahi kukaa kwenye nyumba ya kisima, na chai yangu nyepesi ya choya ilikuwa ikitoka zambarau ya kusikitisha kila siku. Nilidhani nimeuziwa choya ya zamani. Siku niliyoipika choya ile ile kwa maji ya bomba, ambayo hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, ikatoka nyekundu safi. Mwenye maji ya kisima asikate tamaa: aongeze choya, au akamulie ndimu kabla ya kutia choya, si baadaye.

Kosa la pili ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya choya huila alumini taratibu; ukiipika humo utaona sufuria imetakata kwa ndani kama imesuguliwa kwa mchanga. Hicho kilichotakata kimeingia kwenye juisi. Tena delfinidini hupenda kushikamana na madini kama alumini na chuma, na ikishikamana, wekundu huelekea zambarau. Tumia chombo cha stenlesi, cha enameli, cha kioo au cha udongo. Mimi hutumia birika la enameli la mama yangu, halijaniangusha.

Moto nao. Watu huchemsha choya nusu saa wakitafuta rangi. Rangi hutoka ndani ya dakika kumi. Zinazobaki ni za kuiharibu, maana anthosianini ikikaa sana kwenye joto hugeuka kahawia na ladha inakuwa ya ukakasi. Chemsha maji peke yake na iliki, tangawizi na kijiti cha mdalasini, epua, ndipo utie choya uliyoisuuza haraka kuondoa mchanga. Kikombe kimoja kwa lita mbili. Funika robo saa, chuja. Mwenye subira ailoweke kwenye maji baridi usiku kucha kwenye friji. Hiyo ndiyo iliyo nzuri kuliko zote kwa macho na kwa ulimi. Choya kavu yenyewe iwekwe mbali na mwanga, kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Unyevu wa bahari hapa kwetu huilegeza ndani ya wiki moja, na ikilegea huanza kufifia.

Maziwa usiyaguse. Uchachu wa choya huyakata papo hapo, na tui la nazi hivyo hivyo. Mtindi unafaa, kwa kuwa wenyewe tayari ni mchachu: kijiko cha jemu ya choya kwenye bakuli la mtindi hutoa pinki laini ya kupendeza. Na wapishi wa keki, hili ni lenu. Ukitia choya kwenye unga wenye baking soda, besi ile itaibeba rangi mpaka kijivu. Nimeona keki ya siku ya kuzaliwa iliyotoka na rangi ya saruji, na mwenyewe akalia. Choya iweke kwenye sukari ya kupambia juu, pamoja na matone ya ndimu, si ndani ya keki.

Jemu, kwa kweli, ndiyo mahali choya inapostahili heshima zaidi ya tunayoipa. Sepali zake zina pektini, kile kinachofanya jemu ishikamane, na asidi ambayo pektini huihitaji ili igande. Si kila tunda lina vyote viwili kwa wingi. Zile sepali zilizobaki kwenye chujio, ambazo wengi humwaga, zikatwe ndogo ndogo zitiwe kwenye achari badala ya sehemu ya embe bichi, pamoja na pilipili na kitunguu saumu. Hazina rangi nyingi tena, ila utamu wa kutafuna umo. Wenzetu wako mbali katika haya: Misri na Sudani wana karkade yao, Senegali bissap, Nigeria zobo, na Jamaika Krismasi haiendi bila kinywaji chake chenye tangawizi. Senegali hupika hata majani yake machachu.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. Hapa kwetu wajawazito huambiwa wanywe choya "iongeze damu", na sababu inayotolewa mara nyingi ni rangi. Wekundu wa damu hutoka kwenye hemoglobini yenye madini ya chuma. Wekundu wa choya ni anthosianini, na hizo haziwezi kugeuka kuwa damu. Zaidi ya hapo, choya ina viungo vinavyoshikamana na madini ya chuma na vinaweza kuyafanya yafyonzwe kwa shida tumboni. Aliyepewa vidonge vya damu kliniki asiviache kwa ajili ya jagi, na asivinywee choya. Upande wa presha kuna ushahidi: kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, watu 65 walifuatiliwa kwa wiki 6, na waliokunywa vikombe 3 vya chai ya choya kila siku walishuka namba ya juu ya kipimo cha presha kwa wastani wa pointi 7 hivi, huku wengine wakishuka kwa pointi 1 tu. Kwa hiyo mwenye dawa za presha amwambie daktari wake kwamba anakunywa choya, isije ikashuka kupita kiasi.

Ikimwagika kwenye kanzu nyeupe, msikimbilie sabuni, maana doa litakuwa la buluu mbele ya wageni. Kwanza maji mengi, kisha ndimu au siki, kisha maji tena. Sabuni ije mwisho.

Usiku ule tulipanga glasi nne dirishani, mtoto na mimi. Ya kwanza choya tupu, ya pili choya na ndimu, ya tatu choya na povu la sabuni, ya nne choya na chembe ya magadi. Ya tatu ilikuwa buluu. Akaikamulia ndimu, ikarudi nyekundu, akapiga kelele mpaka jirani akaja. Ile ya magadi ilikuwa kijani kibichi, akasema tuiache tuione asubuhi. Asubuhi ilikuwa ya manjano yenye kahawia, kama chai iliyolala. Akakamua ndimu nzima humo, akakoroga, akasubiri. Haikurudi. Molekuli zilikuwa zimeshapasuka usiku.