Chupa ya soda chini ya sinki

Kazi yangu ni viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mimea. Kwa miaka 15 nimesimama mbele ya wakulima na wenye maduka ya pembejeo nikirudia neno lilelile: dawa haihamishwi kutoka kwenye chombo chake, hata kwa dakika moja. Sasa pata picha ya aibu yangu siku niliyomkuta mwanangu wa miaka 4 kakaa chini jikoni, anahangaika na kizibo cha chupa ya soda yenye kitu cheupe kama maziwa. Ilikuwa dawa ya mende. Dawa nyingi za aina hiyo hugeuka nyeupe zikichanganywa na maji, kwa hiyo mtoto akiona, anaona maziwa.

Dada wa kazi aliinunua kwa mtu anayepita mtaani na kidumu na kupima kwa kizibo. Simlaumu. Nimezunguka mikoa kufundisha watu nisiowajua, na wa nyumbani kwangu sikuwahi kumwambia chochote. Mama mkwe ndiye aliyewahi kuinyakua ile chupa. Akaishika, akanitazama. "Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile tukakubaliana tujaribu mwaka mzima: nyumba na uwanja bila dawa yoyote ya kupulizia ya kununua. Tuko watu saba, Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya kawaida yenye mwembe mmoja, minazi miwili na kibustani nyuma.

Nianze na mende, maana ndio walioleta kesi. Wale wadogo wa kahawia wanaopenda jikoni, jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na dawa nyingi za kupulizia haziingii ndani ya kifuko hicho. Unaua wakubwa leo, wiki chache baadaye watoto wanatoka, unasema dawa imechakachuliwa, unanunua kali zaidi. Tuliacha kujiuliza tuwapige na nini, tukajiuliza wanafuata nini kwetu. Jibu lilikuwa chini ya sinki palepale: bomba lililokuwa likidondosha tone tone tangu mwaka juzi. Fundi alilimaliza kwa nusu saa. Tukaziba nyufa kwa saruji nyeupe, ndoo ya taka ikapata mfuniko, vyombo vikaacha kulala vichafu. Kisha mitego: chupa ya jemu yenye ganda la ndizi mbivu ndani, shingo yake imepakwa mafuta ya kujipaka kwa ndani. Wanaingia, hawatoki. Wiki ya kwanza watoto walihesabu kila asubuhi kama mchezo. Mwezi wa tatu mchezo uliisha kwa kukosa wachezaji.

Upande wa usafi niliharibu mwenyewe. Nilikuwa nimepania, nikaacha poda ya kung'arishia vyombo na kuchukua magadi, yaleyale tunayotia kwenye maharage yaive haraka. Magadi ni chumvichumvi ya asili yenye alikali, kinyume cha asidi, na alikali inakula mafuta vizuri sana. Jiko liling'aa. Nikanogewa, nikachemsha magadi kwenye sufuria kubwa ya pilau iliyoungua chini. Ikatoka nyeusi tii, kama iliyotoka kwenye moto wa kuni. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na alikali huishambulia aluminiamu na kuiacha na utando mweusi. Mama mkwe hakusema neno. Alichukua ukwaju, akaukoroga kwenye maji, akauchemsha ndani ya sufuria ileile. Asidi ya ukwaju ikautoa ule utando, sufuria ikarudi. Yeye ni mtu wa Tanga, kwao ukwaju ndio unaosafishia sinia za shaba, na ni kemia sahihi kabisa hata kama hajawahi kuiita hivyo.

Kwa hiyo kanuni yetu ikawa rahisi. Mafuta na masizi, tumia kitu cha alikali: magadi au majivu, yote kwa vyombo visivyo vya aluminiamu. Ukoko mweupe wa maji ya chumvi kwenye birika na mabomba, tumia asidi: siki, ndimu, ukwaju. Na kuna mtindo unaozunguka kwenye simu wa kuchanganya siki na baking soda, povu linapanda, watu wanapiga makofi. Zile mbili zinauana. Povu ni gesi tu inayotoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi kidogo isiyosafisha chochote cha maana. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine ukipenda.

Lakini Jik usiichanganye na siki, ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inachoma mapafu. Hapo sina utani.

Mbu nao. Maji ya bomba kwetu yanakuja kwa zamu, kwa hiyo tuna mapipa, madumu na simtanki. Jirani alituletea mashina ya mchaichai tuyapande madirishani. Tukapanda, chai ikanoga, mbu wakaendelea kutuuma. Harufu inayowasumbua iko kwenye mafuta yaliyomo ndani ya jani. Mmea uliosimama kimya hautoi ya kutosha, na hata mafuta yakishakamuliwa na kupakwa hayadumu muda mrefu. Kilichosaidia ni brashi. Mbu wa homa ya dengue, yule mwenye mistari myeupe miguuni anayeuma mchana, aliyetutesa Dar mwaka 2014 na tena 2019, hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yanakaa makavu miezi mingi yakisubiri. Ukimwaga maji tu, umeyaacha. Kwa joto letu, yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10, kwa hiyo kila Jumamosi mapipa yanasuguliwa kwa ndani na kufunikwa. Vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko vilikuwa vinazalisha mbu kuliko pipa lolote. Sasa vinalazwa kifudifudi. Vyandarua hatujaviondoa. Mbu wa malaria ni mwingine, anauma usiku, na hafugwi kwenye pipa langu peke yake.

Bustanini ndiko nilikojidai, maana pale ni kazini kwangu. Sukuma wiki ilivamiwa na wadudu mafuta, majani yamejikunja, upande wa chini umejaa. Nikatengeneza mwarobaini wa mbegu, si wa majani, kwa sababu kiini cha mbegu ndicho chenye azadiraktini nyingi, ile kemikali inayowavuruga wadudu. Unaokota matunda ya njano, unayamenya nyama, unakausha mbegu kivulini. Zenye ukungu tupa. Unatwanga viini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, unaviloweka usiku kucha, unachuja kwa kitambaa, unatia sabuni ya mche kidogo iliyoparuliwa ili maji yashike kwenye jani. Sabuni ya unga hapana, inaunguza majani. Unapulizia jioni, kwa sababu jua linaivunja dawa hii ndani ya siku chache.

Siku ya tatu mume wangu aliinama kwenye mstari wa kwanza, akageuza jani. "Hawa mbona wamenenepa? Hiyo dawa yako ni vitamini."

Nilimwelewa. Tumezoea dawa inayoangusha mdudu mbele ya macho. Mwarobaini haufanyi hivyo. Unamkatisha mdudu hamu ya kula na unavuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba akue, kwa hiyo wachanga wanakwama katikati ya safari. Nilirudia baada ya siku sita, na wiki ya pili majani mapya yalitoka yamenyooka. Katikati hapo wale walionona nilikuwa nawapiga kwa maji ya sabuni ya mche peke yake. Sabuni inavuruga utando unaowakinga, wanakauka, ila lazima imguse mdudu mwenyewe, kwa hiyo geuza kila jani. Inachosha, sikatai.

Jirani mwingine alinishauri niloweke tumbaku, eti nayo ni asili. Nikakataa. Nikotini inapita kwenye ngozi na imewahi kuua watu. Utupa nao ni mmea wa asili, na jina lake lenyewe linajulikana kwa kulevya samaki. Ukiosha bomba lake mtoni umefanya kazi ya mvuvi haramu. Hata pareto, ua la Mufindi na Molo, ni sumu kwa samaki na kwa nyuki. Mwarobaini wenyewe, mafuta yake si ya kumnywesha mtoto. Mtu akikwambia dawa ni ya asili, amekwambia ilikotoka tu. Inafanya nini mwilini, hilo bado hujaambiwa.

Vita kubwa ya mwaka, hata hivyo, haikuwa ya wadudu. Ilikuwa ya fagio.

Mama mkwe anaamka saa 11 alfajiri na fagio la chelewa, na jua likichomoza uwanja wote una ile mistari ya nusu duara, safi, hakuna hata jani. Majani yanakusanywa pembeni na kuchomwa. Mimi nikaja na maneno yangu ya matandazo: udongo wa kichanga ukiachwa wazi unakauka, mvua ya masika inauchukua, tuache majani yatandikwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na nyoka?"

Nilitaka kujibu kitaalamu nikaona hana kosa. Uwanja mweupe si urembo tu. Mtoto anayekimbia pekupeku anaona kilicho mbele yake, na majani yaliyorundikana ukutani yanakaribisha nyoka na mchwa pia. Tukagawana nchi. Mbele ya nyumba, na hatua tatu kuzunguka kuta zote, ni himaya ya fagio. Nyuma, chini ya mwembe, mipapai na matuta, ni matandazo, unene wa kiganja na si zaidi. Moto ukafutwa pande zote mbili, kwa sababu moshi ule ulikuwa unamkohoza mtoto wetu wa pili kila jioni.

Majani yaliyobaki yanaingia kwenye mboji. Tabaka la majani makavu, tabaka la maganda ya jikoni na magugu mabichi, maji ya kulowesha bila kuchuruzika, tunageuza kila baada ya wiki mbili. Majani ya mwembe ni magumu, yakatekate kwanza. Tunachomeka kipande cha nondo katikati ya lundo. Ukikichomoa kikakuunguza kiganja, kazi inaendelea. Kikitoka cha baridi, ongeza mabichi na ugeuze. Mwanzoni tulitia matumbo ya samaki, usiku wa pili panya buku akachimba lundo lote. Samaki hawaingii tena.

Ndago bado zinatushinda. Siki na maji ya moto vinaunguza majani tu, vile vinundu chini ya ardhi vinacheka. Chumvi inaharibu udongo. Tunang'oa kwa jembe, zinarudi, tunang'oa.

Kuna uwanja mwingine sijashinda pia: sanduku la kanga la mama mkwe, lenye gololi nyeupe za naftalini tangu kabla sijaolewa. Wifi yangu anajifungua mwezi ujao, na kanga zile ndizo zitakazomfunika mtoto. Mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo ambalo si geni pwani kwetu, akivishwa nguo zilizolala na naftalini, damu yake inaweza kuvunjika akapata manjano kali. Nilimweleza taratibu. Alinyamaza siku mbili, kisha akafua kanga zote, akazianika juani, akapanga na karafuu.

Naftalini nayo haikutupwa. Nimeiona jana, imehamia chooni.