Pesa za mezani bar: dhana zilizonichosha

Mimi ni mfanya mazingaombwe, na kazi yangu kubwa iko bar na kumbini hapa Dar es Salaam. Haipiti wiki kijana hajanipigia simu: "Kaka, nifundishe michezo miwili mitatu nikapige hela bar." Hataki sanaa, anataka hela. Ameona video ya mtu akichomoa noti chini ya chupa, na kichwani ameshamaliza hesabu: watu watano kila jioni, kila mmoja aache msimbazi, mwisho wa mwezi milioni moja na nusu.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote: kwamba ukishaijua siri ya mchezo, dau ni mshahara.

Chukua mchezo wa glasi, hakuna rahisi kama huo. Unamuuliza mtu kipi kirefu, kimo cha glasi au mzunguko wa mdomo wake. Atasema kimo. Unaiweka glasi juu ya simu yako, unaongeza simu yake, unaongeza ya mhudumu. Bado atasema kimo, tena sasa anakucheka. Glasi ya bia ya sentimita 15 yenye mdomo wa sentimita 8 ina mzunguko wa sentimita 25, kwa kuwa mzunguko ni kipenyo mara tatu na ushee. Hata na simu tatu chini yake, kimo hakijafika 18. Unazungusha uzi mdomoni, unaunyoosha kando ya glasi, mbishi ananyamaza. (Pima glasi za bar hiyo kabla. Zile nyembamba ndefu zitakuumbua.)

Haya, umepata elfu kumi. Kesho je? Bar ya mtaani ina wateja walewale. Uliyemla jana yuko meza ya pili leo, ameshawahadithia wenzake wote, na sasa yeye ndiye anayewaonyesha kama vile kaubuni mwenyewe. Mmarekani Alvin Thomas, aliyejulikana zaidi kama Titanic Thompson, aliishi kwa dau za namna hii tangu ujana. Alizaliwa 1893, akafa 1974. Inasimuliwa kwamba aling'oa kibao cha barabarani kinachoonyesha umbali wa kufika Joplin, akakisogeza, kisha akabeti na wenzake kwamba kibao kinakosea. Lakini huyo alikuwa mtu wa kuhama mji hadi mji, maana watu walishamjua. Wewe unayo nauli ya kuhama bar hadi bar mpaka Tunduma?

Na hapo nimechukulia kwamba aliyeshindwa analipa. Mtu mwenye bia sita kichwani halipi. Anasema umemwibia, na marafiki zake wanasimama. Ukitaka kumdai kisheria, Sheria ya Mikataba inayahesabu makubaliano ya kuwekeana dau kuwa batili, kwa hiyo huna kesi. Ukiigeuza kuwa biashara ya kila jioni, kuchezesha kamari bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na safari hii kesi unakuwa nayo wewe. Meneja naye si mjinga. Mteja aliyeliwa elfu ishirini anaondoka mapema na hela ya bia ambazo angezinywa pale.

Pesa ya bar iko kwenye kutunzwa, na kwenye meneja anayekulipa Ijumaa ili meza zisiondoke mapema. Dau liwe soda, au lisiwepo kabisa. Mimi napenda njiti za kiberiti. Mwaga njiti 21 mezani, kila mtu kwa zamu anachukua moja, mbili au tatu, atakayebakiwa na ya mwisho ameshindwa. Mwambie mgeni aanze. Akichukua moja, chukua tatu. Akichukua mbili, chukua mbili. Akichukua tatu, chukua moja. Kila mzunguko zinaondoka nne, na baada ya mizunguko mitano inabaki njiti moja ikimtazama yeye. Akishindwa mara ya tatu ataanza kushuku, atasema, "Sasa anza wewe." Kwa dau la elfu kumi hapo roho inakudunda, maana kama kaikariri mbinu yako, umekwisha. Kwa dau la soda unaanza tu, na ukishindwa unampa mkono na meza nzima inapiga kelele. Meza iliyopiga kelele ndiyo inayotoa noti. Nimewaambia vijana hili mpaka sauti imekauka, na bado wanaulizia "ile ya kula watu".

Dhana nyingine nizipitie haraka.

"Ukikazia macho pata potea, utaipata karata." Hutaipata. Pata potea ni ule mchezo wa karata tatu zinazochanganywa kifudifudi, wewe uotee iliko moja. Mchezeshaji anashika karata mbili mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Anaonekana kuangusha ya chini, kumbe ameachia ya juu. Ukikazia macho ndiyo unaifuata vizuri karata isiyo yenyewe. Na yule "mlevi" anayekunja kona ya karata mchezeshaji akiwa ameangalia pembeni, akakukonyeza, ni mpambe. Ukishaweka pesa, mkunjo uko kwenye karata nyingine. Wanaoshinda mbele yako ni wapambe pia. Pita, usisimame hata kutazama.

"Hesabu zikiwa upande wako utatajirika." Kubeti kwamba sita itatokea angalau mara moja ukirusha dadu mara nne kunakupa asilimia 51.8. Ni kweli uko mbele. Kwa dau la shilingi elfu kumi, wastani wa faida yako ni kama shilingi 350 kila mchezo. Piga hesabu ya jioni nzima, toa bia zako na bodaboda ya kurudi. Chevalier de Méré, mcheza kamari Mfaransa, alidhani kupata sita mbili kwa pamoja ukirusha dadu mbili mara 24 ni dau lilelile; kumbe ni asilimia 49.1, uko nyuma. Mwaka 1654 wanahisabati Pascal na Fermat ndio wakawa wanaandikiana barua kuhusu michezo ya kamari.

"Una jini." Sina. Ningekuwa nalo lisingeniacha nikidaiwa kodi.

"Mchezo wa kubadilishana pombe na maji unaweza kwa konyagi." Unaweza, ila hakuna atakayeona kitu, vyote viwili ni vyeupe! Tumia whisky. Glasi mbili ndogo zinazolingana, zote zijae hadi mdomoni. Funika ya maji kwa kadi, ipindue juu ya ile ya whisky, kisha sogeza kadi mpaka upenyo mdogo utokee. Maji ni mazito, yanashuka, whisky inapanda. Inachukua dakika kadhaa, kwa hiyo uwe na la kuongea.